Aliyenikanda Mgongo

Sina picha yake. Hakupenda kupigwa picha, alisema simu inakula sura ya mtu, ingawa kwenye harusi moja ya jirani alisimama mbele kabisa na sahani ya pilau mkononi akaitazama kamera bila kupepesa. Kwa hiyo namwandika, kidogo kidogo, kwenye daftari la mwanangu lililobaki kurasa alipopanda darasa. Mimi niliishia la saba. Mambo mengine nitayaweka mahali pasipo pake. Nitamwita Mkandaji, maana huku kwetu Kibosho sijasikia mtu akimwita kwa jina. Mwanamke akirudi na mtoto kutoka hospitali, mama mkwe wake anasema, "Mwiteni Mkandaji," na mtu anatumwa.

Nataka nimtendee haki. Nilishajaribu kumwandika mara mbili na mara zote nikachana. Mara ya kwanza niliandika kwamba yeye ndiye aliyenivunja mgongo. Mara ya pili niliandika kwamba hakunifanya lolote. Kote kuwili niliandika kama mtu anayejua, na mimi sijui. Pingili tatu za uti wa mgongo wangu zilibonyea katika miezi niliyombeba na kumnyonyesha mwanangu, Glori. Hilo lilionekana kwenye picha ya hospitali. Kama zilibonyea zenyewe, au zilibonyea chini ya viganja vya Mkandaji, hilo ndilo nimelala nalo na kuamka nalo miaka saba.

Nianze na viganja vyenyewe. Vilikuwa vipana kuliko vya mume wangu, vimekauka katikati kama gome la mgomba la juu. Alikuwa anatumbukiza mkono kwenye maji ambayo wewe ungeyasongea ugali, anakamua kitambaa, anakutazama usoni huku mvuke unapanda, kama anayekuuliza unaogopa nini. Nje ya kazi mikono hiyo haikujua la kufanya. Akipewa kikombe anakivunja. Kwetu alivunja viwili, na alikasirika sana, akasema vikombe vya siku hizi vimetengenezwa kwa ajili ya kutazamwa.

Alikuja saa nne asubuhi, umande ukishakauka, na sabuni yake mwenyewe kwenye mfuko wa plastiki na kipande cha blanketi kuukuu. Hakuamini sabuni ya nyumba ya mtu. Kabla hajaingia chumbani alipita jikoni.

"Haya maji yamechemka au yameota jua?"

"Yamechemka, dada," mkwe anajibu.

"Mbona hayasemi?"

Kisha anafunua sufuria ya chakula cha mzazi. Huku kwetu mwanamke aliyejifungua analishwa miezi mitatu, hashiki jembe wala ndoo, analetewa mtori, supu, maziwa, na mlaso ule wa damu na mafuta, mpaka anawanda. Wapo wakwe wanaobana. Mkandaji alikuwa anaingiza mwiko, anautoa, anautazama. Nyumba moja ya bondeni alimwambia mwenye nyumba mbele ya wageni, "Huu mtori ni wa mzazi au wa mtu anayeumwa tumbo? Nyama imekwenda safari?" Siku ya pili nyama ilijaa sufuria mpaka ng'ombe mzima angeweza kulalamika. Mkwe wangu hakuwa wa hivyo, lazima niseme. Mkwe wangu alinilisha mpaka nikaomba anihurumie.

Jambo ambalo watu walimsema nalo ni kwamba yeye mwenyewe hakuwahi kuzaa. Walisema kwa chini, na wengine si kwa chini. Nilikuwepo mwanamke mmoja alipomwambia kisimani, kwa mzaha wenye kisu ndani yake, "Wewe unatukanda mgongo wa uzazi, umeujulia wapi?"

Hakugeuka hata. "Fundi viatu ana miguu mingapi?"

Tulicheka mpaka maji yakamwagika. Yeye hakucheka. Alijitwisha ndoo yake akaondoka, na nakumbuka nilimtazama mgongo, ulivyokuwa umenyooka. Mtu wa miaka ile, na ndoo ya lita ishirini kichwani, amenyooka kama mlingoti.

Alikuwa na maneno yake. "Mwenye kulia hajafa." Hilo alilisema mwanamke akipiga kelele. "Kuzaa ni kwa daktari, mimi naanza akimaliza." Na kweli, wale waliotaka kuzalia nyumbani aliwafokea kuliko hata manesi. Msichana mmoja alikataa kwenda zahanati, Mkandaji akamkalia mlangoni mpaka pikipiki ikaja. Lakini ukisharudi na mtoto, wewe ni wake. Dirisha linafungwa. Hutoki nje. Alisema mwili wa mzazi ni nyumba isiyo na mlango, kila upepo unaingia, na ukiingia haujui kutoka, unakaa kwenye mifupa. Ndiyo maana ya kukanda, kuutoa. Neno lake lilikuwa "baridi." Uchungu wote wa mzazi ulikuwa baridi, ukiwa kwenye goti au kwenye kisogo.

Kwenye sala za jumuiya alisinzia rozari nzima. Kichwa kinaanguka kifuani, mdomo wazi kidogo, na kila ikifika zamu ya kuitikia anaitikia, sauti ya juu, mahali penyewe, macho yamefungwa. Katekista alimwambia hiyo ni dhambi. Alimjibu kwamba Mungu anamjua alivyochoka, yeye katekista amechoka na nini? Halafu Krismasi alimpelekea mkungu wa ndizi.

Sasa nifike kwangu, maana nazunguka.

Mgongo ulianza kuniuma mimba ikiwa na miezi saba. Naandika hili kwa herufi kubwa moyoni kwa sababu ndilo linaloweza kumtoa hatiani. Nilikuwa nainua ndoo bombani, si nzito, nikasikia kama mtu amenichoma hapa chini ya mbavu. Mkwe wangu alisema mtoto amelala vibaya. Nilikubali. Nani hajaumwa mgongo na mimba? Baada ya kujifungua sikuweza kujigeuza kitandani. Kumtoa Glori upande mmoja kumpeleka upande mwingine anyonye, nilikuwa naung'ata ukanda wa kanga.

Mkandaji alinipapasa siku ya kwanza akasema, "Hapa. Imejikusanya hapa." Alifurahi kama fundi aliyepata pancha. Akanilaza kifudifudi, akaweka kitambaa cha moto, akaweka viganja vyote viwili, akaegemea.

Nilipiga kelele. Akasema mwenye kulia hajafa. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu nilipiga kelele tofauti, hata mkwe wangu alikuja mlangoni na mwiko mkononi.

"Vipi?"

"Inatoka," Mkandaji alisema. "Mwache."

Aliendelea wiki tano. Nilimwambia mkwe wangu naomba hospitali, akasema, kwa upole, mzazi hatoki kabla ya miezi mitatu, watu watasema tumekuchoka. Baba Glori wakati huo alikuwa analima mpunga Chekereni, kule tambarare, anapandisha huku kwetu Jumamosi tu. Nilimwambia. Alisema tumsikilize mama. Nimekuwa na hasira na wote, na nimejaribu kuitazama hasira hiyo kama mtu wa nje. Kila mwanamke waliyemjua aliumwa mgongo na akapona kwa maji ya moto na mtori. Kwa nini wangefikiri wangu ni mwingine? Walinifungia ndani kwa kunipenda. Walinikanda kwa kunipenda. Sijui mtu anamshitaki nani kwa hilo.

Siku ya kutoka ilifika. Mzazi anatoka na kanga mpya, amenenepa, anang'aa, watu wanamtazama kanisani. Gauni langu la kitenge, lililokuwa linaishia kwenye kifundo cha mguu, lilikuwa linaburuzika chini. Mkwe wangu alidhani limelegea. Aliliinua mabegani, akaliinua tena, kisha akaacha kuliinua akanitazama.

Hospitali mjini daktari alikuwa mwanamke kijana, wa huku huku, nilimjua kwa lafudhi. Aliweka picha yangu kwenye mwanga. Mifupa ya juu ilikuwa kama vipande vya sabuni mpya. Ile mitatu ilikuwa kama sabuni iliyobaki.

"Ulikuwa unapata jua?" aliuliza.

"Nilikuwa mzazi, daktari."

"Najua." Akaandika kitu kirefu. Kisha akanieleza polepole, kwamba mtoto akiwa tumboni na akiwa ananyonya anachukua madini kwenye mifupa ya mama. Kwa wanawake walio wengi yanarudi na hawajui hata kama yaliondoka. Kwa wachache sana mfupa unakuwa laini mpaka unabonyea kwa kitu kidogo, kuinama, kupiga chafya. "Wewe umekuwa katika hao wachache."

"Na kukandwa?"

Aliweka kalamu chini. "Inawezekana kumeongeza. Inawezekana ilikuwa imeshavunjika kabla. Picha hii haiwezi kuniambia, na mimi siwezi kukudanganya."

Nimelihifadhi jibu lake kama alivyolitoa. Angeweza kunipa jepesi zaidi.

Alinipa vidonge. Akasema nimwachishe mtoto ziwa. Akasema nikae juani kila asubuhi. Nisiinue kitu, na nilipouliza kitu gani, alimtazama Glori aliyekuwa mikononi mwa mkwe wangu, akasema, "Hata yeye, kwa sasa." Na nisishike mimba nyingine bila kuja kwake kwanza, kwa kuwa inaweza kurudi. Hiyo "kwa sasa" imekuwa ndefu. Maumivu yalipungua mwaka wa pili. Kimo hakikurudi. Glori sijawahi kumbeba mgongoni, hata siku moja, na sasa yuko darasa la pili, habebeki. Mimba nyingine sikuitafuta. Baba Glori hasemi kitu. Ukoo unasubiri, nao hausemi kitu, na najua sauti ya watu wasiosema kitu.

Mkandaji alipopata habari ya ziwa alikuja amefura. Alisimama uani, hakutaka kuketi.

"Umemkatia mtoto ziwa? Ana miezi minne?"

"Daktari amesema."

"Daktari! Daktari atamnyonyesha?"

Mkwe wangu akasema, "Dada, mifupa yake imeharibika, tumeona kwa macho."

Mkandaji alinitazama hapa kifuani, si usoni. Akasema, "Mifupa," kama mtu anayerudia jina la mgeni. Akaondoka bila kuaga.

Kesho yake, umande haujakauka, alikuwa mlangoni na chupa ya chai. Ndani kulikuwa na maziwa ya ng'ombe wake, ameyachemsha. "Ya mtoto," alisema. Tulikuwa tumemweleza kwamba hospitali wametupa maziwa ya kopo kwa umri ule, akasema basi yanywe wewe mpaka mtoto akue, kisha mtagawana. Alikuja hivyo kila siku zaidi ya mwaka, mvua ikinyesha, njia ikiwa tope tupu. Kila siku alimsema yule daktari vibaya, na kila siku aliuliza, kwa mkwe wangu, si kwangu, kama nimeota jua. Mtu yuleyule aliyekuwa amefunga dirisha. Alimfunga Glori mgongoni akazunguka naye kihamba kizima, shamba letu la nyumbani, kwenye migomba, kwenye mibuni, akimwonyesha kila kitu kwa Kichagga. Glori alikuwa analia Mkandaji akiondoka. Niliona wivu, sitaficha. Nilikuwa nakaa kwenye benchi langu juani kama mahindi, natazama mwanangu anavyokua kwenye mgongo wa mwingine. Nilikuwa nafikiri, mgongo wake ni mzima. Halafu najionea aibu, halafu nafikiri tena.

Hatukuzungumza jambo lenyewe. Yeye hakuuliza nilivunjikaje, mimi sikumuuliza alichosikia chini ya viganja.

Watu walizungumza. Wengine walisema nimerogwa. Wengine walisema mkono wa Mkandaji umeharibika, ni mkono wa mtu asiyezaa, ulikuwa unangoja tu. Wanawake wawili waliojifungua mwaka ule hawakumwita. Mwaka uliofuata wakawa wengi. Siku moja sala za jumuiya zilikuwa kwetu, binti mmoja mwenye mtoto mchanga akamwambia, wote tunasikia, "Bibi, siku hizi tunajikanda wenyewe bafuni, fasta tu, yanaisha."

"Jikandeni," alisema. "Mkono wako utafika mgongoni?"

Watu walicheka kidogo, kisha wakanitazama mimi. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti chenye mito, nimejikunja kama nilivyo. Ilitakiwa niseme kitu. Ningesema maneno ya daktari, yote mawili, kwamba inawezekana na inawezekana. Ningesema mgongo wangu ulianza bombani kabla hajaugusa. Nilitazama chini. Nadhani, na hapa nimejichunguza sana, nilitaka wamwadhibu kidogo kwa niaba yangu, nami niwe sijasema. Walichukua ukimya wangu kuwa jibu. Baada ya siku ile sijui kama aliitwa nyumba yoyote. Kwa hiyo nikiandika hesabu ya nani alimvunja nani, na mimi nimo.

Mwaka huu, masika yalipoisha, nilisikia macho yake yamekwisha na hatoki. Nilikwenda peke yangu, Glori akiwa shule. Njia ya kwenda kwake inashuka mpaka kwenye mfereji kisha inapanda. Mtu mwenye mgongo mzima anatumia dakika tano. Mimi na fimbo nilipumzika mara tatu.

Alikuwa ameketi mlangoni kwenye kigoda, ungo wa maharage magotini, anachambua kwa vidole bila kutazama.

"Shikamoo, mae," nilisema, yaani mama kwa Kichagga; wanawake tunaitana hivyo.

"Marahaba. Nani anavuta mguu?"

"Mama Glori."

Vidole vilisimama, vikaendelea. "Kaa. Kuna kigoda hapo. Kifupi, lakini ndicho kilichopo."

Niliketi. Tuliongea habari za mvua na za ng'ombe wake, aliyekuwa ameshauzwa. Alisema maharage ya mwaka huu yana wadudu wenye adabu, wanakula upande mmoja tu. Nilicheka. Nilikuwa nimejiandalia maneno njiani na yote yakapotea, nikauliza hivyo hivyo.

"Siku ile unanikanda, ulisikia kitu?"

"Siku gani?"

"Niliyopiga kelele."

"Ulipiga kelele siku nyingi."

"Ile ya tatu. Mama alikuja na mwiko."

Alichambua. Alitoa punje mbovu akaitupa kuku aione, na kuku hakuwepo. Nilidhani hatajibu, na nilianza kuona nafuu.

"Nilisikia," alisema. "Kitu kilishuka chini ya kiganja. Kama ukingo wa mfereji ukimeguka."

"Ukafanya nini?"

"Nikakanda zaidi." Macho yake meupe yalikuwa yanatazama upande ambao sikuwepo. "Nilijua baridi imetoka. Nilifurahi, mae. Nilikwenda nyumbani nimefurahi, nikalala vizuri."

Miaka saba nilikuwa nimelitaka jibu hilo. Nilidhani likija litakuwa na uzito fulani, litanikaa mahali. Halikukaa popote. Mgongo ulikuwa unauma kama dakika ile nilipofika. Nikafanya lililo haki, kwa kuwa sikuwa na lingine la kufanya. Nilimwambia mambo ya bombani, miezi saba ya mimba. Nilimwambia maneno ya daktari bila kupunguza. Nilimwambia inawezekana aliposikia kile kitu mfupa ulikuwa umeshakwisha zamani, ungeshuka hata kwa chafya.

"Alisema inawezekana," Mkandaji alisema.

"Ndiyo."

"Hakusema ndivyo."

"Hakusema."

"Basi hujui."

"Sijui, mae."

"Na ulikuwa na maneno hayo siku zote? Tangu mtoto ana miezi minne?"

Nilisema ndiyo. Hakuuliza kwa nini sikuyasema kwenye jumuiya. Angeuliza ningemjibu, nilikuwa tayari. Aliweka ungo chini, polepole, kwa mikono miwili, na ungo ukatua bila kumwaga hata punje. Upande wa chini mtu alikuwa anapasua kuni, anapiga, anapumzika, anapiga.

Nikasema niende, kabla ukungu haujashuka. Lakini kigoda kilikuwa kifupi kweli, na magoti yangu yalikuwa juu kuliko nilivyozoea, na nilipojaribu mara ya kwanza nilirudi chini. Alisikia. Alinyanyuka yeye, kwa urahisi, akaja mpaka nyuma yangu akipapasa ukuta, na nikasikia pumzi yake juu ya kisogo changu. Nilingoja anishike. Mikono yake ilikuja mpaka karibu, niliiona pembeni mwa macho, upande huu na upande huu, ikasimama hewani. Haikujua pa kushika. Ilisogea kuelekea mbavu, ikarudi. Ikaelekea bega, ikarudi.

"Nikushike wapi?" aliuliza.

Nilitaka kumwambia, na kusema kweli sikuwa na mahali pa kumwambia. Nikashika mwimo wa mlango nikajivuta mwenyewe. Ilichukua muda. Niliposimama nikageuka kuaga, alikuwa bado ameinyoosha ile mikono.